This Is Spinal Tap: maoni ya watazamaji

This Is Spinal Tap ni filamu ya vichekesho iliyotoka Marekani mwezi Machi 1984. Ina dakika 82, na inafuata ziara ya bendi ya roki kutoka Uingereza ambayo mambo yake yanazidi kwenda kombo kila inapoingia mji mpya. Bendi hiyo haikuwahi kuwepo. Mwongozaji wake ni Rob Reiner, ambaye hii ilikuwa filamu yake ya kwanza kuongoza, na anaonekana pia ndani yake kama Marty DiBergi, mtengenezaji wa filamu za makala mwenye kofia na maswali ya upole. Bendi yenyewe ni Michael McKean (David St. Hubbins, mwimbaji na mpiga gitaa), Christopher Guest (Nigel Tufnel, mpiga solo) na Harry Shearer (Derek Smalls, mpiga besi). Wote wanne waliiandika kwa pamoja. Leo hutajwa miongoni mwa vichekesho bora kabisa vya sinema, lakini sifa hiyo ilichelewa kuja, na jinsi watazamaji walivyoipokea ni kituko kingine kinachojitegemea.

Chanzo cha mkanganyiko ni namna ilivyotengenezwa. Waigizaji hawakukariri mazungumzo. Walijua kisa na hali ya kila tukio, maneno wakayatoa papo hapo mbele ya kamera. Picha zilichukuliwa kwa mkanda wa milimita 16, mpiga picha akichungulia milangoni na kuwafuata watu kwenye korido, kama zilivyokuwa zile filamu za makala za wanamuziki za miaka ya 1960 na 1970. Nyimbo walizitunga na kuzipiga wenyewe. Hakuna mahali ambapo mtazamaji anakonyezwa kwamba huu ni utani. Lafudhi nayo imekaa sawasawa, ingawa McKean na Shearer ni Wamarekani watupu. (Guest ana damu ya Uingereza kwa upande wa baba, tena ya kilordi: alirithi cheo cha Baron Haden-Guest mwaka 1996, akawa na kiti katika Baraza la Malordi hadi 1999. Nigel Tufnel angeona ni haki yake kabisa.)

Matokeo yake, watu wa mwanzo kuitazama wengi hawakucheka. Reiner alisimulia mara kadhaa kuhusu onyesho la majaribio huko Dallas, Texas. Watu walitoka ukumbini wakamfuata kumuuliza kwa nini amepoteza muda wake kupiga filamu ya bendi ambayo hakuna anayeijua, na mbovu kiasi kile. Swali hilo ni sifa kubwa kuliko makofi, lakini halijazi viti. Filamu haikufika dola milioni 6 katika kumbi za Marekani. Wahakiki waliiona mapema zaidi kuliko wanunuzi wa tiketi: Roger Ebert wa Chicago aliipa nyota nne, kiwango chake cha juu kabisa, mwaka huohuo wa 1984.

Kundi la pili la watazamaji ndilo lenye maoni mazito: wanamuziki wa roki wenyewe. Hawa walielewa mno, na kuelewa kukawauma. The Edge, mpiga gitaa wa U2, amesema mbele ya kamera kwamba alipoiona hakucheka bali alilia, kwa jinsi ilivyokuwa karibu na ukweli. Mwimbaji Ozzy Osbourne alieleza kwamba aliidhania filamu ya kweli, na vituko vya bendi ile akaviona vya upole ukilinganisha na maisha yake. Wenzake wa Steven Tyler wa Aerosmith wamesimulia kwamba naye hakuona cha kuchekesha. Bendi yake ilikuwa imetoka kwenye kipindi kibaya, na hakuna mtu anayependa kuonyeshwa kioo akiwa bado ana matongotongo machoni.

Tukio moja linatosha kuonyesha kilichowauma. Nigel anataka jukwaani wawe na mfano wa mawe ya kale ya Stonehenge. Anachora jiwe kwenye karatasi ya kufutia mikono na kuandika vipimo vyake. Fundi anayemjua mteja wake angeuliza tena, lakini huyu anatengeneza kilichoandikwa. Penye futi 18 Nigel ameweka alama mbili badala ya moja, yaani inchi. Usiku wa onyesho, wakati muziki unanguruma na moshi umetanda, linateremshwa kutoka juu jiwe lenye urefu wa sentimita 46, na watu wafupi walioajiriwa kucheza kuzunguka jiwe refu sasa wanalipita kimo. Sura ya David wakati huo haina kelele wala mzaha. Ni ya mtu anayehesabu moyoni hasara yake. Aliyewahi kushona suti ya harusi kwa vipimo vya simu anaijua sura hiyo.

Kicheko cha tukio hilo kilizidishwa na jambo lililotokea nje ya filamu. Mwaka 1983 wanamuziki wa bendi ya Black Sabbath walizunguka na jukwaa lenye Stonehenge yao, lililotengenezwa kubwa mno hata likawa halienei katika kumbi. Wengi wakaamini filamu iliwacheka wao. Lakini tukio la jiwe lilikuwemo tayari katika filamu fupi ya majaribio ambayo Reiner na wenzake waliitengeneza mwaka 1982 kutafuta mfadhili. Utani ulitangulia, na aibu ya kweli ikafuata nyuma.

Sehemu inayopendwa kuliko zote, hata na wasioimaliza filamu, ni ile ya amplifaya. Nigel anamwonyesha DiBergi kwamba vitufe vyake vya sauti haviishii 10 kama vya wengine, vinafika 11. DiBergi anauliza kwa nini 10 yenyewe isifanywe kuwa kubwa zaidi. Nigel ananyamaza, anatafuna, anatazama kando, kisha anajibu kwa kurudia jambo lilelile la mwanzo. Ukimya ule ndio kichekesho. Namba hiyo ilihama filamu: kamusi ya Oxford iliingiza msemo wa kufika 11 mwaka 2002, kitufe cha sauti katika huduma ya video ya BBC kimewekwa kufika 11, na kwa miaka mingi tovuti ya IMDb iliipa filamu hii peke yake alama za watazamaji kati ya 11 badala ya 10.

Wapo wasioipenda, na hoja zao si za kupuuzwa. Hoja ya kawaida ni kwamba inapooza: hakuna anayeanguka, hakuna anayepiga kelele ya kuchekesha, na mtu aliyezoea vichekesho vya makofi hungoja mzaha uanze hadi filamu inakwisha. Mtazamaji wa leo ana shida ya ziada, kwamba ameshaona watoto wa filamu hii kabla ya mama yao. Mchekeshaji Ricky Gervais amekiri mara nyingi kuwa kipindi chake cha televisheni, The Office ya Uingereza ya mwaka 2001, kilichota hapa. Hoja nzito zaidi inamhusu Jeanine, mpenzi wa David, anayeingia ziarani na utabiri wake wa nyota na kuanza kuwapangia wanaume kazi. Utani wa mwanamke anayevunja bendi ulikuwa mzee hata mwaka 1984. Filamu inawadhihaki wanamuziki kwa kudharau wanawake, hasa katika mzozo wa kava la albamu yao, lakini kwa Jeanine nayo inateleza kidogo.

Kilichoiokoa ni kanda za video. Wanamuziki walizitazama ndani ya mabasi ya ziara, wanafunzi mabwenini, na ikaonekana kwamba mara ya pili inachekesha kuliko ya kwanza, kwa sababu nusu ya utani umesemwa kwa sauti ndogo, mtu akitoka chumbani. Wapiga dramu wanaokufa mmoja baada ya mwingine, huyu katika ajali ya bustanini isiyoelezeka, yule kwa kulipuka ghafla kitini, hutajwa kama habari ya hali ya hewa. Mwaka 2002 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza filamu katika orodha ya taifa ya filamu za kuhifadhiwa.

Bendi ya kubuni nayo ikawa bendi. Ilipiga katika uwanja wa Wembley mwaka 1992, kwenye tamasha la kumkumbuka mwimbaji Freddie Mercury. Filamu ya pili, Spinal Tap II: The End Continues, ilitoka Septemba 2025, Paul McCartney na Elton John wakiwemo. Iliwagawa watazamaji, baadhi wakifurahi kuwaona wazee wamerudi na wengine wakihoji kama palikuwa na haja.

Kabla ya hapo walipita mahakamani. Mwaka 2016 Shearer aliishtaki Vivendi, kampuni ya Ufaransa iliyokuwa na haki za filamu, na wenzake watatu wakajiunga mwaka uliofuata. Shauri lilimalizwa kwa makubaliano. Katika madai yao, fungu walilohesabiwa wote wanne kutokana na mauzo ya fulana na bidhaa nyingine duniani kote, kuanzia 1984 hadi 2006, lilikuwa dola 81.