Nani Hukagua Somo la Dini? Historia ya Usimamizi wa Mahali, kutoka Usumbura hadi Bujumbura

Utangulizi

Mijadala ya sera za elimu nchini Burundi hulichukulia suala la dini shuleni kuwa la pande mbili: dola na madhehebu. Huulizwa ni nani mwenye majengo, ni nani alipaye walimu na ni nani ateuaye mkuu wa shule. Upande wa tatu, yaani wazazi na waumini waishio kando ya shule, hutajwa kwa nadra. Makala haya yanafuatilia historia ya upande huo. Dai lake la msingi ni kwamba uwezo wa wakazi kusimamia mafunzo ya dini ulitegemea mambo mawili: nafasi waliyopewa katika mikataba, na lugha iliyotumika kufundishia. Historia inaonyesha kwamba jambo la pili lilikuwa na uzito zaidi kuliko linavyodhaniwa.

Mmisionari kama mkaguzi

Mapadri Weupe walifungua misheni ya Muyaga mwaka 1898 na ya Mugera mwaka 1899. Wakati huo watawala wa Kijerumani walitumia Kiswahili katika shughuli za utawala, ilhali wamisionari waliegemea Kirundi, kwa kuwa walikiona Kiswahili kuwa njia ya Uislamu. Hivyo, tangu mwanzo, uchaguzi wa lugha ya shule ulikuwa pia uchaguzi wa dini ya shule.

Ubelgiji iliitwaa nchi mwaka 1916, kisha ikaitawala kwa udhamini wa Shirika la Mataifa. Katika miaka ya 1920 serikali ilianza kutoa ruzuku kwa misheni zilizohesabiwa kuwa za kitaifa, jambo ambalo kwa vitendo lilimaanisha misheni za Kikatoliki. Misheni za Kiprotestanti zilisubiri ruzuku hiyo hadi mwaka 1948. Utaratibu huo ulimtambua mmisionari-mkaguzi: mtu wa kanisa aliyezikagua shule za kanisa lake kwa idhini ya serikali. Kwa hiyo aliyefundisha na aliyekagua walikuwa wa nyumba moja. Mzazi wa Kirundi alisikia katekisimu kwa lugha yake na aliweza kujua mwanawe anafundishwa nini, lakini hakuwa na mahali rasmi pa kupeleka neno lake.

Buyenzi: usimamizi bila mkataba

Mjini Usumbura hali ilikuwa tofauti katika mtaa wa Buyenzi, makao ya Waislamu wazungumzao Kiswahili. Madrasa za hapo hazikuwa na nafasi katika utaratibu wa ruzuku. Zilitegemea michango ya wazazi, na mwalimu aliwajibika kwa waumini waliomtunza. Kurani ilisomwa kwa Kiarabu, lakini maelezo, maonyo na hadithi za mitume vilitolewa kwa Kiswahili, lugha ya nyumbani na sokoni. Hata mzazi asiyejua kusoma aliweza kumsikiliza mtoto wake jioni na kupima kazi ya mwalimu. Huo nao ulikuwa ukaguzi, ingawa haukuandikiwa ripoti.

Usimamizi huo ulikuwa na gharama. Madrasa haikutoa cheti kilichofungua mlango wa ajira serikalini. Mzazi Mwislamu alilazimika kuchagua kati ya shule ya misheni, alikohofia mwanawe angebadilishwa dini, na madrasa, alikokuwa na sauti lakini hakukuwa na cheti. Wengi walichagua madrasa, na pengo la elimu rasmi baina ya Waislamu na majirani zao likapanuka.

Mwanya ulijitokeza mwaka 1954, waziri wa makoloni Auguste Buisseret alipoanza kusukuma shule za serikali zisizo za kidini katika Kongo na Ruanda-Urundi. Katika shule za aina hiyo mzazi aliweza kuchagua somo la dini au la maadili. Hata hivyo, shule hizo zilikuwa chache, na lugha yake ilikuwa Kifaransa.

Mwaka 1986 na somo lake

Baada ya uhuru wa 1962 shule nyingi ziliendelea kuwa na uhusiano na makanisa. Mvutano ulifikia kilele chini ya Rais Jean-Baptiste Bagaza, aliyetawala kuanzia 1976 hadi 1987. Wamisionari wengi walifukuzwa, na mwaka 1986 serikali ilitwaa seminari ndogo za Kikatoliki. Vituo vya Yaga Mukama navyo vilipigwa marufuku.

Hatua hiyo ya mwisho inastahili kuzingatiwa. Yaga Mukama, jina lenye maana ya "Zungumza, Bwana", vilikuwa vituo vya parokia vilivyofundisha kusoma, kuandika na katekisimu kwa Kirundi. Viliwapokea watoto ambao hawakupata nafasi katika shule rasmi, na walimu wake walitoka miongoni mwa wanakijiji. Kama madrasa za Buyenzi, vilikuwa karibu na wazazi kwa mahali na kwa lugha. Dola ilivihesabu kuwa mkono wa kanisa. Kwa familia nyingi vilikuwa shule pekee. Mgogoro wa wakubwa ulivifunga bila wazazi kuulizwa, kwa kuwa hapakuwa na chombo chochote cha kisheria kilichowatambua kuwa wahusika. Ndovu wawili walipigana, nyasi zikaumia.

Pierre Buyoya alipochukua madaraka mwaka 1987, vikwazo dhidi ya kanisa viliondolewa, na baadaye utaratibu wa shule zilizo chini ya mkataba ukaimarika. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Zaire ilikuwa imepita njia hiyo hiyo mapema: shule zilitaifishwa mwaka 1974, kisha mkataba wa Februari 1977 ukarudisha uendeshaji wake kwa Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu. Katika nchi zote mbili, mikataba ilipatanisha dola na viongozi wa dini. Mkataba wa mwaka 2012 kati ya Burundi na Makao Matakatifu ya Vatikani ulifuata mkondo huo wa makubaliano ya ngazi ya juu.

Hitimisho

Historia hii haisemi kwamba wakazi husimamia kwa haki daima. Mtaa wenye dini moja unaweza kumsahau mtoto wa jirani mwenye dini nyingine, na shule ya mkataba inaweza kuwa ndiyo shule pekee iliyo karibu naye. Ndiyo maana usimamizi wa mahali unahitaji kanuni, si nia njema pekee.

Mambo matatu yanafuata kwa watunga sera. Kwanza, mikataba ya shule izitaje kamati za wazazi kuwa mhusika wa tatu, zikiwa na haki ya kuona mtaala wa somo la dini. Pili, mtaala huo na ripoti za ukaguzi vipatikane kwa Kirundi, na kwa Kiswahili katika mitaa kama Buyenzi. Kuingia kwa Burundi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 kumeongeza uzito wa hoja hii. Tatu, haki ya mtoto wa dini ya wachache kutohudhuria somo lisilo la dini yake iandikwe katika lugha hizo hizo. Mzazi hawezi kukagua kile asichokielewa, wala kudai haki ambayo hakuisoma wala kusomewa.