Akordeoni ya Kalerwe: mkono wa kushoto unyamaze

Jioni, soko la Kalerwe likipunguza kelele, sisi vijana saba tunabanana kwenye chumba kimoja na akordeoni moja ya kuazima. Tunajifunza wimbo wa harusi wa kwetu Fizi. Mwalimu ni mzee jirani, tunamwita Papa. Amepata safari ya nchi ya tatu, na hapa mtaani hakuna mwingine anayeujua wimbo huo wote.

Mwenzetu mmoja alikataa: "Hiki ni kinanda cha wazungu, kitauharibu wimbo wa babu zetu." Tukabishana kweli kweli. Basi tukatafuta historia.

Ni kweli, kimetoka mbali. Cyrill Demian alikisajili Vienna mwaka 1829. Kila kitufe chake kilitoa sauti kadhaa kwa pamoja, ndiyo maana ya jina akordeoni. Lakini kilipofika kwetu, watu walikigeuza. Leopoldville, leo Kinshasa, Camille Feruzi alipata sifa kwa akordeoni kabla gitaa halijatawala rumba. Wakikuyu wa Kenya waliitumia kwenye mwomboko, mapigo yakishikwa na pete ya chuma, karing'aring'a. Zanzibar, kwenye taarabu ya Culture Musical Club, kilichoanza 1958, inafuata wimbo pamoja na fidla na kanuni.

Hapo tukaelewa shida yetu. Kulia kuna vibao kama vya piano. Kushoto kuna vitufe, mara nyingi 120, na vingi vinatoa sauti zilizopangwa tayari kiwandani. Hizo ndizo zilikuwa zinaubana wimbo. Papa akacheka: "Batoto, mukono ya kushoto inyamaze. Ivute tu mupepo. Ngoma, mungine atapiga."

Tukaleta debe la mafuta. Kumbe! Mama wa mlango wa pili aliacha matoke yake, akaja, akaitikia. Yule aliyekataa sasa ndiye mpiga debe wetu.

Tumemrekodi Papa kwa simu, lakini simu haionyeshi mkono unavyovuta na kusukuma. Hiyo lazima ibaki mikononi mwetu.

Vijana wenzetu, kama nyumbani kuna mzee, kaa naye wiki hii. Na ninyi ndugu wa mashirika, mnapotuuliza tunahitaji nini: chumba cha jioni, mpaka siku Papa atakapopanda ndege.