Bad Brains: Vijana wanne waliooanisha panki, metali na rege

Juni 1979, vijana wanne weusi waliingia katika nyumba ya kawaida huko Arlington, Virginia, ng'ambo ya mto Potomac ukitokea Washington, wakiwa na vyombo vyao vya muziki. Mwenye nyumba, Don Zientara, alikuwa na studio ndogo nyumbani kwake aliyoiita Inner Ear. Nafasi ilikuwa finyu. Ukishapanga dramu, gita na besi, mwimbaji hana pa kusimama, na hata akipata, sauti yake inamezwa na kelele za wenzake. Basi wakavuta waya wa maikrofoni hadi uani, na mwimbaji akasimama nje akaimba. Nyimbo zile zilikaa miaka 17 bila kutolewa, mpaka 1996 zilipotoka kama albamu iliyoitwa Black Dots. Ukisikiliza kwa makini pale vyombo vinaponyamaza, unawasikia nyenje wa ua ule wakilia.

Bendi hiyo ni Bad Brains. Paul Hudson, anayejulikana kama H.R., aliimba, mdogo wake Earl alipiga dramu, Gary Miller, waliyemwita Dr. Know, alishika gita. Na Darryl Jenifer akashika besi. Vijana hawa walikuwa wa Washington na vitongoji vyake vya upande wa Maryland. Katika miaka ya 1970 wakazi wengi wa Washington walikuwa weusi, na muziki uliotamba mitaani ulikuwa soul na fank. Kijana mweusi aliyebeba gita akapiga roki kali alitazamwa kwa mshangao hata na majirani zake.

Kabla ya kuwa Bad Brains walijiita Mind Power, na walipiga jazi iliyochanganywa na roki, ile ya Mahavishnu Orchestra na Return to Forever, muziki wenye midundo migumu kuhesabu na vidole vinavyotembea haraka kwenye nyuzi. Jambo hili halipewi uzito wake historia ya bendi hii inaposimuliwa. Panki ilijengwa juu ya imani kwamba huhitaji ufundi. Jifunze kukamata gita leo, kesho panda jukwaani. Imani hiyo iliwafungulia mlango vijana wengi na ninaiheshimu. Lakini Bad Brains waliingia kupitia mlango mwingine kabisa. Walikuwa wameshasumbuka miaka kadhaa na muziki mgumu kuliko panki, na walipoamua kukimbia, walikimbia kama watu wenye misuli. Ndiyo maana nyimbo zao za kasi ya ajabu hazisambaratiki. Besi na dramu zinakwenda pamoja, zinasimama pamoja, zinageuka pamoja, na huoni mshono.

Rafiki yao Sid McCray ndiye aliyewaletea santuri za panki, na kwa muda mfupi ndiye aliyekuwa mwimbaji wao wa kwanza. Jina jipya wakalichukua kutoka kwenye wimbo wa bendi ya Ramones. H.R. naye alikuwa amesoma Think and Grow Rich, kitabu cha Napoleon Hill cha mwaka 1937 kinachofundisha kwamba fikra thabiti humwinua mtu, na mafundisho hayo akayageuza kuwa kaulimbiu ya bendi. Wakati panki ya London ikiimba kwamba hakuna kesho, vijana hawa walipiga muziki mkali zaidi huku wakiimba kwamba mtu asikate tamaa. Sijui bendi nyingine ya zama zile iliyokuwa na hasira kiasi hicho katika sauti na matumaini kiasi hicho katika maneno.

Mwezi uleule wa Juni 1979 walifungua onyesho la The Damned, bendi kutoka Uingereza, katika klabu ya Bayou mtaani Georgetown. Miongoni mwa waliohudhuria walikuwemo vijana wazungu wawili wa Washington, Ian MacKaye na Henry Rollins. Wote wawili wamesimulia mara nyingi jinsi Bad Brains walivyowabadilisha. MacKaye alikuja kuanzisha bendi ya Minor Threat na lebo ya Dischord; Rollins akaenda California kuimba katika Black Flag. Ile panki ya kasi na ukali ambayo Wamarekani waliiita hadikoo, na ambayo leo hupewa sura ya kijana mzungu aliyenyoa kipara, ilipata walimu wake wakubwa kwa weusi wanne.

Mji wao wenyewe haukuwapokea vizuri. Mashabiki waliruka jukwaani, viti vilivunjika, na wenye klabu wakaanza kuwafungia milango. Wakatunga wimbo kuhusu kufungiwa huko, Banned in D.C., wenye dakika mbili na ushei. Kisha wakauza walichoweza, wakapanda ndege kwenda Uingereza wakitarajia kupiga huko, lakini uwanja wa ndege wa London ukawarudisha kwa kukosa vibali vya kazi. Walirudi Marekani mikono mitupu, kwani na vyombo walivipoteza. Vijana wa MacKaye, waliokuwa na bendi iliyoitwa Teen Idles, ndio waliowaazima vyombo na mahali pa kufanyia mazoezi.

Mwaka 1980 walitoa santuri yao ya kwanza kwa lebo yao wenyewe. Upande mmoja uliwekwa Pay to Cum, wimbo usiofika dakika mbili, ambamo H.R. anatema maneno kwa kasi ambayo mwenye lugha yake mwenyewe anapata shida kuyafuata. Ukiigeuza santuri unakutana na Stay Close to Me, rege tulivu ya mapenzi.

Rege hiyo haikuwa mapambo. Walikuwa wamemwona Bob Marley jukwaani, wakaanza kufuga rasta, na punde imani ikawakolea. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa sana hapa. Haile Selassie, aliyetawazwa Addis Ababa Novemba 1930, alikuwa jirani yetu kabla ya kuwa Jah wa Wajamaika. Ajabu ni kuona safari ya jina lake: kutoka Ethiopia hadi Kingston, kutoka Kingston hadi vitongoji vya Maryland, na hatimaye kwenye klabu chafu za New York ambako umati wa vijana waliovuja jasho ulipumzishwa kwa rege ya kumsifu, kisha gita likanguruma tena na watu wakarudi kurukiana mabegani. Hawakuzichanganya rege na panki ndani ya wimbo mmoja kama walivyofanya baadhi ya Waingereza. Waliziacha kila moja isimame peke yake, na nadhani hapo walikuwa sahihi. Rege yao inapumua kwa kuwa haikubanwa.

New York ndiko walikohamia, wakawa wakipiga mara kwa mara katika klabu ya CBGB. Mwaka 1981 walirekodi katika studio ya Jerry Williams iliyokuwa nambari 171, Avenue A, na Februari 1982 kazi hiyo ikatolewa na ROIR, lebo ndogo ya Neil Cooper. ROIR haikutoa santuri, ilitoa kanda tu. Msomaji wa umri wangu anaijua vizuri kanda: inakwama, unaitoa, unaizungusha kwa kalamu ya Bic, unairudisha. Kwa hiyo albamu ya kwanza ya bendi hii, ambayo wengi huitaja kama nguzo ya hadikoo, ilisambaa kwa njia ileile tuliyosambaziana muziki sisi, mkono kwa mkono, nakala ya nakala. Jalada lilikuwa la manjano, kijani na nyekundu, likionyesha radi ikilipasua kuba la jengo la Bunge la Marekani. Adam Yauch wa Beastie Boys, kundi ambalo lenyewe lilianza kama bendi ya panki, alisema haoni albamu ya panki iliyoizidi hiyo.

Mwaka 1983 ikafuata Rock for Light, iliyosimamiwa na Ric Ocasek wa bendi ya The Cars, mtu aliyezoea nyimbo tamu za redioni. Sitakaa sana hapo, maana nyimbo kadhaa ni zilezile za kwenye kanda zilizorekodiwa upya.

Kuna doa ambalo anayewapenda hana haki ya kulificha. Mwaka 1982, wakiwa Austin, Texas, waligombana na bendi za huko kwa sababu ya chuki yao ya wazi dhidi ya mashoga, wakiisimamisha juu ya imani yao. Waliotukanwa ni watu waliokuwa wamewapokea. Habari hiyo ilizunguka nchi nzima miongoni mwa wapenzi wa panki, na wapo ambao hawakuwasamehe. Bendi iliyoimba kuhusu upendo na haki ilipaswa kuulizwa swali hilo, na iliulizwa.

Kilele, kwa hukumu yangu, ni I Against I, iliyotolewa na SST, lebo huru ya California, mwaka 1986. Hapo ndipo metali inapoingia kwa miguu yote miwili. Kasi imepunguzwa, na Dr. Know anapata nafasi ya kukata vipande vizito vya gita vinavyokaa kifuani, wakati besi ya Jenifer inacheza fank chini yake. Prodyuza Ron Saint Germain aliwapa sauti pana kuliko walivyowahi kuwa nayo. Mpenzi wa panki aliisikia kama yake, na mpenzi wa metali vilevile, katika miaka ambayo makundi hayo mawili yalikuwa yakipigana ngumi kwenye maonyesho.

Albamu hiyo nayo ina kisa cha simu. Kabla kazi haijaisha, H.R. alifungwa kwa kosa la bangi. Wimbo mmoja, Sacred Love, ulikuwa bado hauna sauti. Basi akaimba kwa simu kutoka gerezani, na huku studio wakairekodi sauti iliyotoka kwenye waya. Isikilize: sauti ni nyembamba, ina mikwaruzo, kama mtu anayeongea akiwa ndani ya kopo, na vyombo vinavyoizunguka ni vikubwa na safi. Mtu mwingine angesubiri atoke. Wao walikubali sauti ya kifungo ibaki ndani ya wimbo wa mapenzi, na ukishajua ilikotoka, huwezi tena kuisikia kama dosari.

Lebo kubwa zilikuwa zinawatazama sasa. Lakini H.R. hakuwa akiutaka muziki huo tena kwa moyo wote, alitaka rege. Mwaka 1987 yeye na Earl wakaondoka. Hali hiyo ilijirudia kwa namna ya kuumiza. Walirudiana wakatoa Quickness mwaka 1989, albamu ya metali zaidi kuliko zote, kisha wakaachana. Mwaka 1993 Epic, kampuni kubwa kweli, ilitoa Rise, lakini aliyeimba ni Israel Joseph I. Kisha wote wanne walikusanyika tena chini ya Maverick, lebo ya Madonna, Ocasek akasimamia God of Love ya mwaka 1995. Ziarani H.R. akafanya fujo zilizomfikisha mikononi mwa polisi, na mlango huo nao ukafungwa.

Kwa muda mrefu watu walimsimulia H.R. kama kituko: mara amevaa kofia ngumu ya pikipiki jukwaani, mara anaimba kwa kunong'ona wakati bendi inanguruma. Filamu ya maisha yake iliyotengenezwa na James Lathos, Finding Joseph I, iliweka wazi kwamba alikuwa akiugua maradhi ya akili kwa miaka mingi. Baadaye yakamshika maumivu makali ya kichwa ya aina adimu, akafanyiwa upasuaji mwaka 2017. Dr. Know naye moyo ulisimama mwishoni mwa 2015, akalazwa kwa miezi, akapona. Ukiyajua haya, zile hadithi za kuchekesha zinabadilika ladha. Aliyekuwa akizomewa na mashabiki alikuwa mgonjwa.

Matunda yao yako kila mahali. Bendi za Living Colour na Fishbone zilipita njia iliyokuwa imeshafyekwa. Bendi ya Deftones na mwanamuziki Dave Grohl wamewataja waziwazi. James Spooner alipotengeneza filamu ya Afro-Punk mwaka 2003, akiwahoji vijana weusi wa Marekani waliopenda muziki ambao wenzao waliuita wa kizungu, jina la Bad Brains lilikuwa mhimili wa mazungumzo, na kutokana na filamu hiyo likazaliwa tamasha la Brooklyn lililobeba jina hilohilo. Yauch mwenyewe, yule shabiki wa kanda ya manjano, alisimamia albamu yao ya 2007, Build a Nation, miaka mitano kabla ya kufariki.

Mwaka 2021 bendi ilirudishiwa haki za rekodi zake nyingi, ikaanza kuzitoa upya kwa lebo yake, Bad Brains Records, ikiwemo ile ya radi juu ya Bunge. Wakati huu zimetoka kwenye santuri na kanda pia, na nembo iliyopo mgongoni mwa jalada ni yao wenyewe.