Kabla hujachomoa feni ya fotokopi

Ukiwa mtu wa kompyuta, ofisini unaitwa kwa kila kitu chenye waya. Basi leo naweka programu kando niongee kuhusu mashine kuukuu ya fotokopi na feni yake inayonguruma. Wengi huona dawa ni kuichomoa feni ili ofisi itulie. Ngoja kwanza tuone ilifikaje humo ndani.

Fotokopi ilizaliwa pamoja na joto. Tarehe 22 Oktoba 1938, huko Astoria, New York, Chester Carlson na msaidizi wake Otto Kornei walisugua kwa kitambaa cha pamba bamba la zinki lililopakwa salfa, likapata umeme tuli. Wakalimulika kupitia kioo chenye maandishi ya tarehe hiyo na jina la mtaa, wakanyunyiza unga, wakapuliza uliozidi. Maandishi yakabaki. Wakayahamishia kwenye karatasi ya nta, wakaipasha moto ili nta iushike unga. Bila joto, nakala hiyo ingefutika kwa kidole.

Kampuni nyingi zilimkataa Carlson, mpaka taasisi ya Battelle ya Ohio ilipomkubali mwaka wa 1944. Baadaye kampuni ya Haloid, ambayo ndiyo iliyokuja kuitwa Xerox, ikaichukua kazi hiyo. Mwaka wa 1959 ikatoa mashine ya 914: uzito karibu kilo 300, nakala 7 kwa dakika. Karatasi ikikwama karibu na sehemu ya moto iliweza kuungua, kwa hivyo mashine iliuzwa na kizimamoto kidogo. Watu wa mauzo hawakutaka neno moto lisikike, wakakiita kiondoa-mbabuko! Sisi waandishi wa programu tunaijua tabia hiyo ya kuipa hitilafu jina tamu.

Joto hilo halijaondoka. Katika mashine nyingi za leo, rola za kuyeyushia tona hufika nyuzi 180 hadi 200 za Selsiasi. Feni ndiyo hulitoa nje.

Ofisi moja ninayoijua ilichomoa feni ili simu zisikike. Kufikia adhuhuri karatasi zilitoka zimejikunja, kisha mashine ikajizima yenyewe. Siku hiyo hati za zabuni zilitakiwa kufika kabla ya saa tisa. Zilichelewa, na zabuni ikapotea.

Kwa hivyo fanya hivi. Zima mashine, chomoa plagi, uiache ipoe kabisa. Kisha ujue ni kelele gani:

- Mkwaruzo: panga la feni linagusa waya au kipande cha karatasi. Kitoe.
- Mtetemo: vumbi limelemea upande mmoja, au skrubu zimelegea. Safisha kwa brashi laini, kaza skrubu. Usitumie mashine ya nyumbani ya kufyonza vumbi. Tona ni laini mno, hupenya chujio na kurudi hewani.
- Mlio mkali asubuhi, unaopungua mashine ikipata moto: beringi imekauka. Tone moja la mafuta ya cherehani litakusaidia siku chache tu. Nunua feni nyingine.

Unaponunua, iwe na ukubwa uleule, volti zilezile na plagi ileile. Hesabu waya pia: kwenye feni za waya tatu, ule wa tatu kwa kawaida huiambia mashine kwamba feni inazunguka. Ukiweka ya waya mbili, mashine inaweza kukataa kufanya kazi ingawa feni inavuma vizuri. Tazama pia mshale wa upepo uliochorwa ubavuni; ukiigeuza, joto litarudishwa ndani.

Feni ni kipuri cha bei ndogo ukilinganisha na rola za moto, na ni nafuu zaidi kuliko zabuni. Haya, kwa leo naishia hapo. Wikendi njema!