UZI: Leso ukutani, na hoja ya "mambo ya kuletwa"

Kila siasa ikipata moto, hoja hii hurudi: ati mapenzi ya jinsia moja ni mambo ya kuletwa, na picha zake zinaharibu maadili hata zikiwa ndani ya nyumba ya mtu. Sitataja mwanasiasa wala chama. Twende polepole.

Sebule ya Eastlands mnaijua. Vitambaa vya kufuma juu ya makochi, kalenda ya mwaka juzi, picha ya harusi ya wazazi, saa iliyosimama. Yangu hapa Umoja ina kitu kimoja zaidi: leso ya mtindo wa zamani ndani ya fremu, kazi ya fundi wa mtaani. Pindo pande zote, mji katikati, na jina limeandikwa chini. Jina hilo linasifu wanawake wawili wanaopendana, kwa mafumbo. Mgeni huona pambo tu. Anayejua, anasoma.

Wazo si langu. Mwaka 2017 msanii Kawira Mwirichia alionyesha hapa Nairobi leso alizobuni kusherehekea mapenzi ya aina hii katika nchi mbalimbali, kazi aliyoiita To Revolutionary Type Love. Kuna walioshangaa leso imeingiaje humo. Mimi nawashangaa wao.

Kwani leso ilitoka wapi? Neno lenyewe ni la Kireno, kitambaa cha mkono. Karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua vitambaa hivyo, wakaviunganisha vikawa nguo. Baadaye viwanda vikaanza kuchapa nguo nzima. Mombasa kuna duka la Kaderdina Hajee Essak, wengi wanalijua kama Mali ya Abdulla, lililoanza 1887 na kupata sifa kwa majina ya leso zake. Majina ya zamani yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kisha zikaja za Kilatini. Na kwa miaka mingi leso zilichapwa Uingereza, Uholanzi, India na Japani, zikaletwa kwa meli.

Yaani nguo ya kumbebea mtoto, ya kumtunza bibi harusi, ya kumpelekea mama mkwe, ni ya kuletwa. Hakuna anayesema si yetu. Iligeuka yetu kwa matumizi: mke akimsuta mke mwenziwe bila kufungua mdomo, jirani akipita na ujumbe mgongoni na huwezi kumshtaki kwa lolote. Leso ni ya kusema yasiyosemeka. Sasa niambieni, nani anaihitaji kuliko mtu ambaye hawezi kumtaja ampendaye mbele ya mamake?

Tukija kwa sheria, hapo ndipo kuna cha kuletwa kweli. Mkoloni alitumia kwanza hapa Kanuni ya Adhabu ya India ya 1860, kisha akatuandikia yetu 1930. Kifungu cha 162 kina hadi miaka 14 jela, na cha 165, cha wanaume, hadi miaka 5. Mei 24, 2019 Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta. Anayevitetea ana haki yake, lakini asituambie aliachiwa na babu.

Halafu watu huchanganya mambo. Vifungu hivyo vinahusu tendo, si picha. Kifungu cha 181, cha michoro michafu, kinahusu biashara, kusambaza na kuonyesha hadharani. Filamu ya Rafiki ilipopigwa marufuku 2018, kisha Mahakama Kuu ikairuhusu kwa siku 7 mwezi Septemba, ubishi ulikuwa wa kumbi za sinema. Sebule si ukumbi. Ibara ya 31 ya Katiba ya 2010 inalinda faragha ya mtu na nyumba yake.

Lakini sisi wa ploti tunajua: kabla ya Katiba kufika, mwenye ploti ameshafika. Jamaa ninayemjua alikuwa na bango la filamu chumbani. Mlinzi wa ploti aliingia kuangalia bomba linalovuja, akaliona. Jioni ploti nzima ilikuwa na habari, na jamaa akapewa siku 3 ahame. Hakukuwa na polisi wala korti, na diposti alirudishiwa nusu.

Uganda walijaribu kuyaandika haya kabisa. Sheria yao ya 2023 ilimbana hadi anayekodisha nyumba, mpaka Mahakama ya Kikatiba ilipokifuta kifungu hicho Aprili 2024. Hapa kwetu pia mapendekezo ya kubana zaidi yamekuwa yakizungushwa.

Kwa hivyo mgombea akija baraza la mtaa na hoja ya maadili, sina haja ya kubishana naye kuhusu mapenzi ya mtu. Nina swali moja, na mnaweza kuniazima: hiyo sheria anayoitaka, nani atakuwa askari wake ndani ya nyumba ya kupanga? Na mpangaji akitolewa nje kwa sababu ya picha ukutani, atamshtaki nani, na kwa pesa gani?