Jagannath wa Puri: Hekaya ya mungu asiye na mikono

KATIKA mji wa Puri, kwenye pwani ya Ghuba ya Bengal mashariki mwa India, lipo hekalu ambalo mnara wake una urefu wa takriban mita 65. Ndani yake hazimo sanamu za mawe zilizochongwa kwa ustadi, kama ilivyo katika mahekalu mengi ya Kihindu. Waliomo ni miungu watatu wa mbao, wenye macho makubwa ya mviringo, mikono iliyoishia njiani na wasio na miguu.

Watatu hao ni Jagannath mwenye uso mweusi, kaka yake Balabhadra mwenye uso mweupe, na dada yao Subhadra mwenye uso wa manjano. Pamoja nao husimama nguzo ya mbao iitwayo Sudarshana. Jina Jagannath lina maana ya Bwana wa Ulimwengu, na waumini humtambua kuwa ni Vishnu, au Krishna.

Ni nani basi aliyemchonga Bwana wa Ulimwengu akamwacha nusunusu? Jibu la wenyeji ni hekaya ndefu, iliyomo katika Skanda Purana ya Kisanskriti, na kwa namna nyingine katika Mahabharata ya Kiodia ya mshairi Sarala Das wa karne ya 15. Masimulizi hayo hayalingani katika kila jambo. Lakini yote yanagusa swali moja ambalo Puri haijaacha kulijadili: huyu mungu ni wa nani?

Siri ya msituni

Inasimuliwa kuwa Indradyumna, mfalme wa Malwa, alipata habari za mungu aitwaye Nilamadhava, aliyeabudiwa kwa siri mahali fulani mashariki. Akawatuma makuhani kila upande. Mmoja wao, Mbrahmani kijana aliyeitwa Vidyapati, alifika katika makazi ya Wasabara, watu wa msituni walioishi kwa uwindaji. Chifu wao, Vishvavasu, alikuwa akiondoka kila siku kabla ya mapambazuko na kurudi akinukia maua na ubani.

Vidyapati alipokewa kama mgeni, akakaa, hatimaye akamwoa Lalita, binti wa chifu. Ndoa hiyo ndiyo iliyomfungulia njia. Alimsihi mkewe, naye mke akamsihi baba yake, mpaka mzee akakubali kumpeleka mkwe wake mbele ya mungu, kwa sharti kwamba afungwe kitambaa machoni. Kijana akakubali. Mfukoni, hata hivyo, alikuwa ameficha mbegu za haradali, akawa anazidondosha njia nzima. Mvua iliponyesha mbegu zikaota, na njia ya siri ikawa mstari wa maua ya manjano.

Mfalme alikuja na jeshi lake kuufuata mstari huo. Alipofika pangoni hakumkuta mungu. Wengine husema alizama mchangani, wengine kwamba alijiondokea tu. Kwa vyovyote vile, hekaya haimfichi mfalme aibu yake: alitaka kuchukua kwa nguvu kitu ambacho mzee wa msituni alikuwa akikihudumia kwa matunda na maua, akakikosa.

Baada ya mfungo na kafara, Indradyumna aliahidiwa kuwa mungu atarudi kwa sura ya gogo litakaloelea baharini. Gogo likaja ufukweni. Askari walilivuta, tembo wakalivuta, lisitikisike. Ndipo alipoitwa Vishvavasu. Msabara yule aliposhika upande mmoja, gogo likanyanyuka.

Sarala Das anao mwanzo mwingine wa gogo hilo. Kwake yeye, Krishna aliuawa kwa mshale wa mwindaji aliyeitwa Jara, na mwili wake ulipochomwa haukuteketea wote. Kilichobaki kilitupwa baharini, nacho ndicho kilichokuja kuabudiwa. Huko nako anayesimama mwanzoni ni mwindaji, wala si mfalme.

Mlango uliofunguliwa mapema

Mafundi wa mfalme walipoanza kuchonga, vyombo vyao vilivunjika kimoja baada ya kingine. Akatokea mzee dhaifu, ambaye baadhi ya wasimulizi humwita Vishvakarma, fundi wa miungu, na wengine husema alikuwa Vishnu mwenyewe. Mzee akaomba afungiwe ndani na gogo kwa siku 21, mtu yeyote asifungue mlango.

Siku za mwanzo zilisikika sauti za patasi na nyundo. Wiki mbili zilipopita, kukawa kimya. Malkia Gundicha akaingiwa na hofu kwamba mzee amefia ndani, akamshawishi mumewe, na mlango ukafunguliwa. Seremala hakuwamo. Walikuwamo miungu, mikono haijakamilika na miguu haijaanza. Mfalme alilia, lakini sauti ikamwambia awaweke hekaluni hivyo hivyo walivyo.

Wasimulizi wengi wa nje huishia hapo. Sehemu inayofuata haisimuliwi sana, ingawa pengine ndiyo yenye uzito zaidi. Indradyumna alikwenda mbinguni kumwalika Brahma aje kulizindua hekalu. Muda wa mbinguni haufanani na wa duniani, na aliporudi zama nyingi zilikuwa zimepita. Hekalu lilikuwa limefukiwa na mchanga, kisha limefukuliwa na mfalme mwingine, Galamadhava, ambaye sasa alidai ni lake. Binadamu aliyejua ukweli hakuwapo tena. Shahidi akawa kunguru mzee mwenye umri wa zama, pamoja na kobe waliopata kubeba mawe ya ujenzi.

Indradyumna akashinda shauri. Alipoambiwa aombe tuzo, aliomba asibakize mtoto hata mmoja, ili asije akatokea mtu wa ukoo wake na kusema kuwa hekalu hili ni langu.

Wafalme wa historia

Hekalu linaloonekana leo lilianza kujengwa katika karne ya 12 na Anantavarman Chodaganga, mfalme wa nasaba ya Ganga. Mwaka 1230 mrithi wake, Anangabhima wa Tatu, aliukabidhi ufalme wote kwa mungu na kujitangaza kuwa naibu wake tu. Ulikuwa unyenyekevu wenye faida kubwa, kwani kuanzia hapo kumwasi mfalme ilikuwa sawa na kumwasi Jagannath. Waingereza nao, walipoiteka Puri mwaka 1803, walitambua haraka kuwa asiyeelewana na hekalu hawezi kuitawala Odisha kwa utulivu.

Wanazuoni, wakiwamo Anncharlott Eschmann, Hermann Kulke na Gaya Charan Tripathi waliohariri kitabu kuhusu suala hilo mwaka 1978, wameona katika miungu hao wa mbao dalili za ibada ya kale ya makabila ya msituni iliyokuja kupokewa na wafalme na Wabrahmani. Kwa mtazamo huo, Vishvavasu si pambo la hadithi.

Hata taratibu za hekalu zinamkumbuka. Lipo kundi la wahudumu waitwao Daita, wanaohesabiwa kuwa kizazi cha Msabara huyo. Kila mwaka, baada ya miungu kuogeshwa hadharani, inaaminika kuwa wanashikwa na homa, nao hufichwa kwa takriban siku 15. Katika siku hizo Daita ndio wanaowauguza, kama ndugu wanavyomuuguza mgonjwa wa nyumbani.

Wakipona, miungu hupandishwa katika magari matatu makubwa ya mbao na kukokotwa kwa kamba na maelfu ya watu hadi hekalu la Gundicha, umbali wa kilometa tatu hivi. Gari la Jagannath lina magurudumu 16. Kabla ya safari, mfalme wa Puri, ambaye siku hizi hana dola, hufagia magari hayo kwa ufagio wenye mpini wa dhahabu.

Mbao za miungu ni za mwarobaini, mti ule ule unaofahamika katika pwani ya Afrika Mashariki kwa dawa zake. Kwa kuwa mbao huoza, miungu hufanywa upya, kwa kawaida baada ya miaka 8, 12 au 19, kwa kufuata kalenda ya mwezi. Ilifanyika hivyo mwaka 1977, 1996 na 2015. Usiku wa manane, Daita aliyefungwa macho na kuviringishwa nguo mikononi huhamisha kitu cha siri kutoka sanamu kuukuu hadi mpya. Sanamu za zamani huzikwa, na Daita huomboleza kama waliofiwa. Mwaka 2015 kazi hiyo ilipochelewa, malalamiko yalienea Odisha nzima, na wanasiasa wakatupiana lawama.

Mwaka 2025 ukazuka ugomvi mwingine. Jimbo jirani la Bengal Magharibi lilizindua hekalu la Jagannath katika mji wa Digha na kuliita Dham, sifa ambayo watu wa Puri wanaona ni ya mji wao peke yake. Serikali ya Odisha ilipinga.

Ndani ya hekalu la Puri hawaruhusiwi kuingia wasio Wahindu. Mwaka 1984 hata Waziri Mkuu Indira Gandhi alizuiwa, kwa sababu mumewe alikuwa Mparsi. Hata hivyo, katika barabara kuu inayopita magari ya miungu lipo kaburi la Salabega, mshairi Mwislamu wa karne ya 17 aliyetunga nyimbo za kumsifu Jagannath. Kila mwaka gari lenye magurudumu 16 linapofika hapo, kamba hulegezwa na gari husimama.