Wimbo wa Kumkumbuka Marehemu: Historia Kutoka Handeni na Korogwe

Kamati ya msiba ina kazi zake zinazojulikana: turubai, viti, masufuria, mchele, nauli ya wageni wanaotoka Dar es Salaam. Kazi hizo hupata watu wake upesi. Linalokwama ni lile linaloletwa na mmoja wa watoto wa marehemu pale familia inapojiandaa kwa misa ya kumbukumbu au arobaini: mama alikuwa Mzigua wa Sindeni, kwa nini asiimbiwe wimbo wa kwao? Wote hukubali. Kisha hutazamana, maana wengi waliokaa hapo hawajui wimbo hata mmoja mwanzo hadi mwisho. Mwenye simu hutafuta humo. Anazipata ngoma za harusini, anazipata kwaya za Dodoma, na wimbo wa Sindeni haumo.

Nimelisikia swali hilo likiulizwa kwa uchungu wa kweli, nami naona linastahili kujibiwa kwa historia. Nyimbo za msiba za Wazigua, Wasambaa na Wabondei hazikufa zote. Zilihama mikono. Kila zama, katika nchi hii iliyo kati ya milima ya Nguu na Usambara na mto Pangani, zilimkabidhi mtu mwingine kazi ya kumwimbia marehemu. Anayeutaka wimbo leo aanze kwa kujua mara ya mwisho ulikuwa mikononi mwa nani.

Mikono ya kwanza ilikuwa ya nyumbani. Wazigua, kama Wanguu, Wakaguru, Waluguru na Wazaramo, walihesabu ukoo kwa upande wa mama. Mjomba alikuwa na kauli kubwa katika mambo ya ukoo, na majina yaliyoitwa wakati wa kilio au tambiko yalirudi nyuma kwa bibi na mama zake bibi. Wasambaa wa milimani walihesabu kwa baba, lakini nao walikuwa na ibada yao ya kuwaita waliotangulia, waliyoiita fika. Wimbo wa namna hiyo haukuimbwa kwa ajili ya kupendeza masikio. Ulikuwa na mwenyewe, saa yake na mahali pake. Kuna ulioimbwa na wanawake maiti ikiwa ndani, kuna wa kaburini, na kuna wa siku ya kuondoa matanga, ambapo sauti iliruhusiwa kuchangamka na mguu kucheza. Anayesema tu "wimbo wa msiba wa Kizigua" bado hajasema anautaka upi.

Pembeni mwa wanawake wa ukoo walikuwapo watani. Mtani alifika msibani na kufanya yale ambayo ndugu asingethubutu: kuigiza mwendo wa marehemu, kudai deni ambalo halikuwapo, kuwachekesha waliokuwa wakilia. Utani huo ulivuka mipaka ya makabila, na njia za misafara zikaupanua. Wapagazi wa kutoka Unyamwezi na wa pwani walikutana na Wazigua njiani, wakapigana, wakauziana, mwishowe wakataniana. Kwa hiyo hata zamani zile msiba haukuwa wa kabila moja peke yake.

Milimani kulikuwa na kifo kilichokatazwa kuimbiwa kwa muda: cha mfalme. Mbegha, mwindaji aliyetoka Nguu, upande ambao leo ni Wilaya ya Kilindi, alipanda Usambara na kuanzisha ukoo wa kifalme wa Wakilindi. Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy aliandika historia yao kwa Kiswahili katika "Habari za Wakilindi", kitabu ambacho kila mtu wa Korogwe angepaswa kukisoma. Kifo cha mfalme huko Vuga, makao ya Wakilindi, kilifichwa mpaka mrithi awekwe kwenye kiti, ndipo watu waruhusiwe kulia. Mfalme Kimweri ye Nyumbai alipofariki mwaka 1862, vita vya wanawe na wajukuu viliivunja nchi. Mwanawe Semboja alitawala kutoka Mazinde, chini ya milima, kwenye njia ya misafara ya bonde la Pangani. Bunduki na biashara ya watumwa viliwafikia watu wengi kabla uzee haujawafikia, na wengi wao hawakupata matanga.

Dini zilifika katika hali hiyo. Uislamu ulipanda taratibu kutoka pwani pamoja na wafanyabiashara na walimu wa madrasa, nao leo ni dini ya familia nyingi sana za Handeni na Korogwe. Uliharakisha maziko, ukaondoa ngoma kaburini, ukaweka kisomo, hitima na dua mahali pa kilio. Sauti haikunyamazishwa, ilipewa umbo jipya: zikri, Maulidi ya Barzanji, kaswida za watoto wa madrasa na dufu zao. Kwa Mzigua Mwislamu aliyezaliwa miaka ya 1930, kaswida aliyojifunza kwa mwalimu wake kijijini ni ya jadi sawasawa na ngoma ya selo. Watoto wake wasimnyang'anye haki hiyo kwa kudhani kwamba cha asili ni kile tu kilichotangulia dini.

Wamisionari Waanglikana wa UMCA walijenga Magila katika miaka ya 1860 na 1870, wakafika Korogwe mwaka 1891, na baadaye wakawa na kituo Kideleko, karibu na Handeni mjini. Walutheri wa Bethel walianzia Mlalo mwaka huohuo wa 1891. Waanglikana wa UMCA walikuwa na mapokeo yaliyokaribiana na ya Kikatoliki: waliwaombea wafu, walisoma misa za marehemu, waliadhimisha Siku ya Marehemu Wote tarehe 2 Novemba. Hapo walikutana vizuri na wenyeji, kwa kuwa kumkumbuka aliyetangulia halikuwa jambo geni kwao. Lakini kwa upande wa nyimbo mambo yalikwenda vibaya. Kizigua na Kisambaa ni lugha ambazo sauti ya juu na ya chini hubeba maana. Katika wimbo wa asili, tuni hufuata jinsi neno linavyotamkwa. Tenzi za Kiingereza na Kijerumani zilikuja na tuni zilizokwisha kutungwa kwa lugha nyingine, maneno yakapachikwa juu yake, yakapandishwa pasipopanda na kushushwa pasiposhuka. Waumini walizizoea, wakazipenda, na wapo waliofariki wakiziimba. Hata hivyo bibi mwenye sikio la zamani anajua kwamba maneno yale yanatembea kwa kuchechemea.

Pamoja na tenzi, kazi ya kuimba ikahama kutoka kwa wanawake wa ukoo kwenda kwa mwalimu wa kwaya, ambaye mara nyingi alikuwa kijana wa kiume aliyesoma shule ya misheni. Naona hilo lilikuwa badiliko kubwa kuliko badiliko la dini yenyewe. Familia zilichanganya dini bila shida. Askofu Mkuu wa Waanglikana wa Tanzania aliyeshika kazi hiyo mwaka 1984 aliitwa John Ramadhani, na jina la namna hiyo halimshangazi mtu yeyote mkoani Tanga. Lakini shangazi aliyekuwa akianzisha wimbo sasa alikaa kwenye benchi na kusubiri kuanzishiwa.

Halafu ukaja mkonge. Mtaalamu wa kilimo Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893 kutoka Florida, na miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Reli iliyoanzia Tanga mwaka huohuo ilifika Korogwe mwaka 1902. Mashamba yaliyofuata reli hayakuweza kuwategemea wenyeji, waliokuwa na mashamba yao wenyewe, kwa hiyo yakaleta manamba, vibarua wa kutoka mbali: Wanyamwezi, Wamakonde, Wangoni, Wabena, Waha, Warundi. Kuanzia 1944 kulikuwa na ofisi maalumu ya kuwaandikisha, SILABU. Mtu alikufa kambini wiki kadhaa za safari kutoka kwao. Nani angemlilia?

Walimlilia watani na watu wa lugha yake, na walimlilia wanachama wenzake. Vyama vya ngoma ya beni, Marini na Arinoti, vilivyoenea kutoka pwani, vilisaidiana katika ugonjwa na mazishi pamoja na kucheza kwa sare na vyeo. Makambini ndiko wimbo wa msiba wa Korogwe ulipojifunza Kiswahili. Tuni ya Kimakonde ilipewa kiitikio cha Kiswahili ili Mnyamwezi aweze kuitikia, na Msambaa aliyefika kuuza ndizi akaondoka nayo. Wajukuu wa manamba waliobaki Magunga, Hale au Mnyuzi huambiwa hawana wimbo wa asili kwa kuwa hawana kabila la hapa. Napinga kwa nguvu zangu zote. Wimbo ulioimbwa na babu yako akikata mkonge alfajiri, na wenzake wakamwimbia huohuo walipomzika, ni wa asili kwenu. Ukiimbwa kwenye kumbukumbu ya mama yako utakuwa mahali pake.

Baada ya Uhuru serikali nayo ilinyosha mkono. Desemba 1962, katika hotuba ya kuzindua Jamhuri, Mwalimu Nyerere alitangaza wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, akasikitika kwamba waliosoma walikuwa wamefundishwa kuona haya kwa ngoma zao. Nia ilikuwa njema, na matunda yalionekana: vikundi vya ngoma viliundwa, Radio Tanzania ikarekodi vijijini, mdumange wa Wasambaa na ukala wa wawindaji wa Kizigua vikapanda jukwaani. Lakini jukwaa linataka ngoma ya dakika chache yenye kuchangamsha wageni. Wimbo wa matanga haukuchaguliwa, kwani nani angeucheza mbele ya mgeni wa taifa? Kisha Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwahamisha watu wengi wa Handeni kwenye vijiji vipya, wakayaacha makaburi na miti ya matambiko kwenye mahame. Wimbo uliotaka kuimbwa chini ya mti fulani ulibaki bila mti.

Mahali ambapo hoja yangu inapata ushahidi mkubwa ni Chogo, wilayani Handeni. Katika njaa ya miaka ya 1830 Wazigua wengi walichukuliwa hadi pwani ya Somalia, wengine kwa kudanganywa kwamba wanakwenda kufanya kazi, wakauzwa kuwa watumwa wa mashambani. Baadhi walitoroka na kuanzisha vijiji kwenye misitu ya mto Juba. Simulizi zao humtaja kiongozi wao, Wanakhucha, aliyewaongoza kwenye safari ya kuutafuta uhuru. Walikaa huko zaidi ya miaka 150, wakizungukwa na Kisomali, bila shule ya Kizigua, bila kitabu, bila redio. Vita vya 1991 vilipowafukuza, wengine walivuka kwenda Kenya, na wengine walisafiri baharini mpaka Tanzania. Hawa wa Tanzania waliwekwa kwanza kambini Handeni, kisha wakahamishiwa makazi ya Chogo mwaka 2003. Zaidi ya 1,000 kati yao wamepewa uraia wa Tanzania. Wenzao, miongoni mwa Wabantu wa Somalia wapatao 12,000, walipelekwa Marekani kuanzia mwaka 2003, na leo Kizigua kinasikika Lewiston, katika jimbo la Maine, wakati wa theluji.

Walipofika Handeni, wazee wa hapa walizungumza nao wakaelewana. Lugha ilikuwa imedumu, na pamoja nayo ngoma na nyimbo za wanawake, zilizofundishwa na mama kwa binti katika vikundi vya ukoo. Kilichozihifadhi ni wanawake ambao hakuna aliyewanyang'anya kazi ya kuimba. Familia ya Handeni mjini inayotafuta wimbo wa bibi yao kwenye simu ingefanya vema kupanda basi kwenda Chogo.

Kanisa nalo limejirudi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano mwaka 1963 uliwafungulia Wakatoliki mlango wa muziki wa wenyeji, na padri wa Kitanzania, Stephen Mbunga, aliandika mwaka huohuo kitabu kizima kuhusu sheria ya kanisa na muziki wa Kibantu. Kwa Walutheri, mmisionari Howard Olson alikusanya tuni za makabila akiwa chuo cha Makumira, na mwaka 1966 Bernard Kyamanywa alitunga "Mfurahini, Haleluya" kwa tuni ya Kihaya, wimbo wa Pasaka ambao sasa unaimbwa hata Ulaya. Kama tuni ya Kihaya imefika huko, ya Kisambaa haina sababu ya kuzuiwa mlangoni mwa kanisa la Mombo.

Kwa anayetafuta sasa hivi, nina haya ya kusema. Nyimbo za unyago na jando usiziguse, hata kama zina tuni nzuri kuliko zote, kwa sababu hazikuwekwa kwa masikio ya watu wote. Za tambiko ziachwe mpaka mkubwa wa ukoo aridhie. Zinazofaa ni zile alizoziimba marehemu mwenyewe: ya kutwanga, ya kupalilia, ya kubembelezea watoto, au tuni ya mdumange aliyoichezea ujanani. Onana na padri mapema, mwambie maneno yake yote, kisha mwombe nafasi baada ya komunyo au kaburini. Kwenye familia ya Kiislamu kisomo kitangulie, wazee waulizwe, na wimbo uimbwe uani watu wakiisha kula. Na mwimbishaji asiwe mpiga kinanda. Awe shangazi, hata kama sauti yake imekauka, spika izimwe, wengine waitikie.

Usisubiri msiba. Kama unaye bibi Kwamatuku, Kabuku au Magoma, nenda wiki hii umwombe akuimbie. Rekodi kwa simu, andika kila neno kwa lugha yake, andika jina lake, kijiji chake na aliyemfundisha, kisha umpe kila ndugu nakala. Siku ya kumkumbuka yeye mtakuwa na cha kuimba.